Sahihi ya Mmoja Kati ya Kumi na Wawili

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Bwana Mwenyekiti wa ghala. Bibi Tatu, mlinzi wa nusu ya ufunguo wetu, shikamoo. Mwalimu Paulina, mlinzi wa nusu ya pili, uliyeteremka leo kutoka Lutindi na goti lako lile lile linalouma, shikamoo. Mzee Harish, uliyefunga duka lako la Korogwe siku ya Jumamosi, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Baba yangu Mzee Sufiani na mama yangu. Wapimaji wenzangu kumi na mmoja. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe uliyekaa mstari wa tatu ukijifanya unafunga kamba ya kiatu ili watu wasione unavyotabasamu: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote, habari za asubuhi.

Naitwa Maryamu Sufiani. Nimeolewa siku kumi na tisa zilizopita. Najua mnajua, wengi wenu mlikuwepo na mlikula pilau, lakini naomba mniache nilitamke tena, maana neno lenyewe bado ni tamu mdomoni mwangu. Nimeolewa! Mume wangu ni Rehani, fundi wa kompyuta wa Masuguru, ndiye huyo wa kamba ya kiatu. Mwambieni ainue kichwa, kiatu kimeshafungwa.

Tumekusanyika hapa mbele ya ghala letu la Misima kwa mambo mawili. Tunatimiza mwaka mmoja tangu kikundi chetu cha wapima unyevu wa mahindi kianze kutumia sahihi ya kikundi, ile sahihi ya kwenye simu isiyotaja jina. Na mnaniaga mimi, kwa sababu ninahamia Masuguru kwa mume wangu, na kwa kanuni zetu anayehama eneo hili hatasaini tena. Nimeambiwa niseme maneno machache. Mwenyekiti amesema dakika kumi. Mwenyekiti, samahani sana. Nina furaha kubwa na nina huzuni kubwa, na vyote viwili vinataka dakika zao.

Ndugu wageni, wengine mmetoka mbali na hamjui tulikotoka. Kazi yetu ni ndogo kuieleza. Mkulima akileta mahindi ghalani, lazima mtu ayapime kama yamekauka. Unyevu ukizidi asilimia kumi na tatu na nusu, hayaingii, kwa sababu gunia moja lenye maji linaozesha na la jirani, kisha inakuja sumukuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho mpaka mtoto wa mtu aumwe. Basi mpimaji anaandika cheti, anasaini, na mnunuzi akikiona cheti anaamini. Kazi ni hiyo tu. Lakini je, mnajua ugumu wa kumwandikia shangazi yako kwamba mahindi yake hayafai?

Mwulizeni Josefina, yule pale mwenye kilemba cha njano. Enzi zile tulikuwa tunaandika majina yetu kamili kwenye cheti. Josefina akakataa gunia kumi na nane za shemeji yake. Alifanya haki. Shemeji hakumsalimia miezi minane. Kwenye harusi ya binti wa shemeji, wanawake wote wa ukoo walishonewa khanga za sare, Josefina peke yake hakupewa, akaenda na gauni lake la kanisani, akawekwa nyuma kuosha masufuria. Alirudi akatuambia, "Jamani, msimu ujao hata wakileta uji nitaandika ni mahindi makavu." Tulicheka. Lakini msimu uliofuata wengi wetu tuliandika hivyo kweli, na mnunuzi wetu Mzee Harish akarudisha lori zima.

Tukasema, basi tuondoe majina. Tukachonga muhuri mmoja wa mpira, tukauweka kwenye kopo la maziwa ya unga pale ofisini, kila mpimaji akimaliza anagonga. Tukajiona tumepata akili! Nani angejua ni nani kakataa? Hakuna. Lakini pia nani angejua ni nani kakubali? Mwezi haukuisha, gunia ishirini zenye maji zikaingia na muhuri wetu juu yake. Nani aligonga? Kila mmoja aliapa si yeye. Tulikaa wiki tatu sisi kumi na wawili hatuazimani hata chumvi. Nilimtazama Josefina nikafikiri ni yeye, naye, amekuja kuniambia baadaye, alifikiri ni mimi kwa sababu nilikuwa nasali sana wiki ile.

Mzee Harish alikuja mwenyewe na gari lake. Nakumbuka maneno yako, mzee wangu. Ulishika cheti juu hivi, ukasema, "Mama zangu, muhuri huu unasema mtu fulani amekubali. Mtu fulani ni nani? Hata mbuzi akikanyaga kopo anaweza kugonga muhuri." Tukaona aibu. Ukasema hutanunua tena Misima mpaka tukuletee sahihi ya mtu. Nasi hatukuwa na mtu aliyekuwa tayari kuwa huyo mtu.

Hapo ndipo mume wangu anapoingia, na mtaniwia radhi nikipunguza mwendo.

Alikuwa dukani kwa Mzee Harish anatengeneza kompyuta. Akasikia habari yetu. Akapanda basi akaja Misima bila kuitwa, na mkoba mgongoni na vumbi mpaka kwenye kope, akaketi juu ya gunia pale ndani akasema, "Mnataka vitu viwili ambavyo watu hudhani haviwezi kukaa nyumba moja. Mnataka mpimaji asijulikane. Na mnataka akikosea ajulikane. Vinakaa. Ipo hisabati yake." Aliharakisha kusema hakuivumbua yeye, ni kazi ya wataalamu wa miaka mingi, yeye ataifunga tu kwenye simu zetu. Nilipenda kwamba aliharakisha kusema hivyo.

Akatueleza. Kila mmoja wetu atakuwa na ufunguo wake wa siri ndani ya simu yake. Akisaini cheti, mtu yeyote duniani anaweza kuhakikisha kwamba kimesainiwa na mmoja wa wapimaji kumi na wawili wa Misima, wala si mgeni, wala si mbuzi, na kwamba hakuna tarakimu iliyobadilishwa baada ya kusainiwa. Lakini ni yupi kati ya kumi na wawili, hataweza kujua. Zaidi ya hapo, hata vyeti viwili vikiwa vimesainiwa na mkono mmoja, anayevisoma hawezi kutambua kuwa ni mkono mmoja. Na kukiwa na malalamiko ya kweli, kwamba cheti kimedanganya, upo ufunguo mwingine wa kufungua sahihi hiyo moja na kumtaja aliyesaini. Huo umegawanywa vipande viwili. Kimoja kwa Bibi Tatu, ambaye hapa Misima hakuna asiyemheshimu. Kingine kwa Mwalimu Paulina huko Lutindi mlimani, ambaye hapa Misima hana ndugu wala shamba. Mmoja peke yake hafungui kitu.

Josefina akamkatiza, mnamjua. "Na wewe fundi uliyetengeneza, si utaniwekea sahihi yangu ukiwa Masuguru umekunja nne?"

"Siwezi, dada. Ufunguo wako utazaliwa ndani ya simu yako na hautatoka humo. Hata Bibi na Mwalimu wakiungana, watasoma ni nani amesaini. Hawawezi kusaini kwa ajili yako wala kukusingizia."

"Na simu ikiibiwa?"

"Siku hiyo hiyo unatoa taarifa, tunaukata ufunguo. Kinachobaki ni uaminifu wako."

"Na kuna kufuli lisilovunjika?"

Angeweza kujigamba, tulikuwa wanawake kumi na wawili tunamtazama yeye. Akasema, "Hili halijulikani njia ya kulivunja kwa kompyuta zilizopo leo. Zikija zenye nguvu zaidi, itabidi tubadilishe kufuli. Atakayewaambia lake ni la milele, msimfungulie mlango."

Na kazi yenyewe tukaipanga upya ili isiisaliti sahihi. Bibi Tatu ndiye anayechoma gunia kwa bambo na kutia punje kwenye kopo lenye namba. Makopo yanaingizwa chumba cha ndani, ambacho tumekigawa kwa khanga zilizotundikwa kwenye kamba, na kila mpimaji anajichukulia kopo na kuingia nyuma ya khanga yake. Mwenye mahindi haoni nani kapima. Sisi wenyewe hatuonani. Cheti kikishasainiwa kinapigwa chapa na kubandikwa ubaoni nje, na nakala inafika kwa Mzee Harish, na msimu ule wa kwanza nakala nyingine ilikuwa inafika kwa Rehani ili ahakikishe kila sahihi inakubali. Tulikubaliana pia kwamba mpimaji hasemi alichopima, hata kwa mama yake.

Sasa, chini kabisa ya cheti kuna sehemu ya maoni. Mistari miwili. Wengi huandika "Safi" au "Ungo zaidi." Siku ya nne ya kazi mimi nilipata kopo la mahindi ambayo yalikuwa yameanikwa juu ya mwamba, maana punje zilikuwa na vumbi lile jeupe la mawe, na nilipoyatia kiganjani yalikuwa bado vuguvugu. Nikaandika: "Haya yameanikwa juu ya mwamba. Yana joto la jana." Sikuwa na nia yoyote. Nilisaini nikaenda kuswali adhuhuri.

Kesho yake simu zote kumi na mbili zikalia kwa pamoja. Ujumbe kutoka kwa fundi, kwa kikundi kizima, kwani angemwandikia nani mwingine? "Kwa mpimaji wa mwamba: nimesoma maneno yako mara nne. Sahihi imekubali tangu mara ya kwanza."

Ghala lilivuma! Josefina alipiga vigelegele. "Mpimaji wa mwamba, jitokeze! Umeshaposwa!" Mimi nilicheka pamoja na wengine, na moyo wangu ulikuwa unagonga kama mtu anayetwanga.

Nikajibu. Ningejibuje? Kwa cheti kilichofuata, kwenye mistari miwili. Naye akajibu, kwa simu kumi na mbili. Mimi nikiandika mahindi ya leo yananuka moshi wa jikoni kwa mtu anayejua kupika, yeye anaandika kwamba jikoni kwake Masuguru kuna sufuria moja na halinuki kitu. Mimi nikiandika mvua inakuja upande wa Korogwe, itakufikia kabla yangu, yeye anaandika imefika, amesimama ndani yake. Miezi mitano, ndugu zangu! Mtu anayenipenda akiwa umbali wa safari ya basi, anaandikia wanawake kumi na wawili ili mmoja asome, na huyo mmoja kila siku anapita mbele ya ubao na kusoma maneno yake mwenyewe kama ni ya mtu mwingine. Nilitamani nishike jina langu mkononi nimpelekee. Nilitamani hata kosa la mwandiko lingenisaliti, lakini kwenye simu hakuna mwandiko.

Na yeye mateso yake yalizidi yangu, maana mimi nilijua ninamwandikia nani. Yeye hakujua hata kama aliyeandika jana ndiye aliyeandika leo. Kufuli lake mwenyewe lilimnyima hilo. Na wenzangu, Mungu awasamehe, walimchezea. Siku moja akapokea: "Njoo na khanga mbili na kilo ya nyama." Yule maskini akakaa siku mbili anawaza kama mpimaji wa mwamba amebadilika tabia. Josefina, usicheke. Sisemi ni wewe. Siwezi kuthibitisha.

Mwezi wa nne wa kuandikiana, uvumilivu ukamwisha. Akaja Misima asubuhi, moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Bibi Tatu. Bibi mwenyewe ametusimulia mara nyingi, kwa hiyo naweza kuyarudia mazungumzo bila kukosea.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa. Nani amekosea?"

"Hakuna aliyekosea, Bibi."

"Basi umekuja kufungua nini?"

Akaweka mkoba chini. Kisha akasema, "Cheti kimoja tu, Bibi. Nitampigia Mwalimu Paulina naye. Nataka kumjua mtu."

"Unamdai?"

"Simdai kitu. Nampenda."

Bibi akasema, "Nilipopewa ufunguo huu niliambiwa ni wa malalamiko. Wewe umekuja na mapenzi. Mapenzi si malalamiko, mwanangu. Kunywa chai, uwahi basi."

Akanywa chai, akawahi basi. Na Bibi, huku unacheka sasa, hukuniambia hata kwa jicho, kwa sababu na wewe hukujua ni nani!

Habari hiyo ilitufikia sote kabla basi halijafika Mkata. Ndipo mimi nilipopata wazo ambalo leo naliungama mbele yenu, mbele ya baba yangu na Mheshimiwa Diwani, kwa sababu ndilo lililo katikati ya hotuba hii, na sitaki kuondoka nalo.

Sahihi inafunguliwa kwa kosa. Basi nikikosea, itafunguliwa.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zilikuwa zimekolea na watu walikuwa wanaleta akiba zilizovujiwa. Nikaingia nyuma ya khanga yangu na kopo. Nikapima: kumi na sita. Nikapima tena: kumi na sita. Nikajua ningeandika kumi na tatu, gunia zingeingia, Mzee Harish angepima kwake na kulalamika, na vipande viwili vya ufunguo vingekutana, na anayeendesha kompyuta siku ya kufungua ni Rehani. Jina langu lingeonekana mbele ya macho yake. Maryamu Sufiani. Baada ya miezi minne na nusu, hatimaye! Niliandika kumi na tatu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nyuma ya khanga ya pili nilimsikia Josefina anaimba kwa sauti ya chini huku anapima lake, anaimba kama mtu asiye na hofu, mtu ambaye miaka miwili nyuma alikuwa anaosha masufuria kwa sababu ya kusema kweli.

Nikajiuliza, jina langu litafika kwake likiwa jina la nani? La mpimaji wa mwamba, au la mtu aliyewaozeshea wenzake ghala? Alipenda maneno yangu kwa sababu yalikuwa ya kweli. Ningempelekea uongo ndio uwe barua ya kunitambulisha?

Nilifuta. Nikaandika kumi na sita, nikakataa mzigo. Na kwenye maoni nikaandika: "Yanataka jua siku tatu. Mimi niko juani tangu Julai."

Mwenye mahindi yale, kama upo hapa, sasa unasema moyoni, kumbe ni Maryamu. Labda. Josefina anaweza kusimama sasa hivi akasema ni yeye, na hutakuwa na namna ya kujua nani mkweli. Hiyo ndiyo raha ya kufuli la mume wangu.

Basi Rehani aliposoma habari ya jua, hakulala vizuri, na mtu asiyelala hubuni mambo. Alibuni kitufe kipya. Mpimaji akitaka mwenyewe, kwa hiari yake, angeweza kukibonyeza na kuthibitisha kwamba cheti fulani ni chake. Hakuna wa kufunguliwa kwa nguvu, kila mtu ni hiari! Alikitengeneza kwa wiki mbili. Akatutangazia kwamba Jumamosi atakuja kutuwekea kwenye simu. Nilifua dela langu la kijani mara mbili.

Jumamosi akaja. Lakini alikuja na barua mkononi, na uso wa mtu aliyefiwa. Alikuwa amemwandikia Mwalimu Paulina kumwomba ridhaa, na Mwalimu alimjibu kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari. Akatusomea. Mwalimu, naisema kwa kichwa, nisahihishe nikikosea: "Kijana, ukimpa binti uwezo wa kuthibitisha kuwa ni yeye, umempa mwenye lori uwezo wa kumwambia athibitishe. Leo ni hiari. Kesho shemeji atasimama mlangoni na kusema, kama si wewe uliyekataa gunia zangu, basi nionyeshe uliyosaini. Asiyeonyesha ndiye. Maneno matupu hayamdhuru mtu, waache waseme wapendavyo, yeyote anaweza kuyasema. Uthibitisho ndio unaodhuru."

Akakunja barua. Akasema, "Mwalimu ana haki. Nimefuta." Akatugeuzia kompyuta tuone. Kazi ya wiki mbili, hakuna. Akasema, "Katika watu wote mimi ndiye niliyekuwa nakihitaji zaidi kitufe kile. Ndiyo maana sikupaswa kuamini kichwa changu." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, akatutazama usoni mmoja mmoja, wote kumi na wawili, taratibu, akaenda kukaa nje kusubiri basi.

Niulizeni nilimpenda lini. Wengi mnadhani ni siku ya simu kumi na mbili. Hapana. Nilimpenda siku ile. Alikuwa na njia ya kunifikia mkononi mwake, na akaitupa ili Josefina asioshe masufuria tena.

Na barua ya Mwalimu ilikuwa imenipa ruhusa. Maneno matupu hayamdhuru mtu. Nikatoka nje na dela langu la kijani. Nikasimama mbele yake.

"Ni mimi wa mwamba."

Akainua macho. Akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Dada, wewe ni wa tatu kuniambia hivyo leo."

Josefina! Josefina na mwenzake, sitamtaja! Walikuwa wamenitangulia kwa dakika tano, wamesimama nyuma ya lori wanaziba midomo kwa khanga.

Nikamwambia, "Ni mimi kweli."

"Utathibitishaje?"

"Siwezi. Umefuta mwenyewe."

Tukacheka mpaka nikalia. Angeniuliza nini? Kila nilichoandika kilikuwa ubaoni, wote walikijua. Hakuna swali ambalo Josefina asingelijibu vizuri kuliko mimi. Aliniangalia tena, akasogeza mkoba wake, akanipa nafasi kwenye benchi. Akasema, "Basi nitaamini." Basi likaja likaondoka, yeye akabaki. Mwezi wa kwanza wazee wake wakaja kwa Mzee Sufiani. Na mpaka leo, ndugu zangu, mume wangu hana ushahidi wowote kwamba alimwoa mpimaji wa mwamba. Ana neno langu tu. Mimi naliona hilo kuwa mahari kubwa kuliko yote aliyotoa.

Sasa nimalizie, Mwenyekiti anatazama saa.

Leo ufunguo wangu utakatwa. Rehani amenieleza kwamba vyeti nilivyosaini vitabaki halali, na vitabaki vimefichwa kati ya kumi na wawili kama zamani, hata mimi nikiwa sipo. Nimefurahi kwamba sehemu yangu inabaki hapa haijulikani ilipo. Lakini nitakumbuka, jamani. Nitakumbuka khanga zile kwenye kamba na vivuli vyenu nyuma yake. Nitakumbuka mlio wa punje kwenye kopo. Masuguru kuna maji ya bomba, kuna umeme, kuna mwanaume mwenye sufuria moja ambaye nitamnunulia la pili, na bado najua kwamba wiki ijayo saa nne asubuhi kiganja changu kitataka mahindi.

Na kuna jambo mmenifanyia leo. Nilipofika saa mbili, ubaoni palikuwa na cheti kipya. Nimekibandua, ninacho hapa. Nakisoma kama kilivyo. "Mzigo: bibi harusi mmoja, kwenda Masuguru. Unyevu: wa machoni, umezidi kiwango. Uamuzi: apokelewe hivyo hivyo. Maoni: Ana joto la huku. Likipoa, turudishiwe."

Nimekihakikisha kwa simu yangu mara tatu. Sahihi inakubali. Ni ya mmoja wa wapimaji wa Misima. Msinitazame hivyo, sikujiandikia! Niliwatazama nyuso zenu mlipokuwa mnapanga viti, nyote kumi na mmoja mkatazama chini, hata Josefina, ambaye kwa kawaida hawezi kuficha kitu hata dakika moja. Sijui ni nani. Nimemsogelea kila mmoja wenu asubuhi hii, na kila mmoja amenikumbatia kama vile ndiye.

Rehani, mume wangu, sasa nimejua ulichokuwa unakibeba kwenye lile basi. Nimekaa upande wako, upande wa asiyejua, kwa saa tatu tu na kifua kimejaa. Nawe usinitafutie, hata ungeweza. Bibi Tatu, sitakuja kunywa chai. Nitakwenda na karatasi hii nikiwa nawapenda nyote kumi na mmoja, kwa sababu sina namna ya kumpenda mmoja.

Bibi, simu yangu hii hapa. Kata ufunguo.

Nawashukuruni kwa uvumilivu wenu, nawashukuruni kwa masikio yenu, na wewe mmoja uliyeandika, popote ulipokaa: asante, nimekusikia.